Taja Jina la Biashara Yako

Kabla sijaanza kuwaonyesha watu namna ya kuuza vitu mtandaoni, nilikuwa na saiba pale Noonkopir, mjini Kitengela: kompyuta sita, na mashine moja ya kopi iliyopenda kutafuna karatasi. Kisha kila mtu akanunua simu yake, na saiba ikafa kifo cha kawaida, bila mtu wa kulaumiwa. Niliuza kompyuta nne, nikabaki na mbili, nikabandika tangazo mlangoni kwamba tunatengeneza kurasa za biashara. Nilikuwa peke yangu, lakini nilikuwa nimesoma mahali kwamba mfanyabiashara mdogo aseme "sisi" ili aonekane mkubwa. Baadaye nikasoma mahali pengine kwamba aseme "mimi" ili aaminike. Nilifuata yote mawili kwa zamu.

Wateja walikuja. Alikuja mwenye hadwea ya misumari na saruji, akaja mama anayeshona sare za shule, akaja kinyozi aliyetaka vichwa alivyonyoa vionekane hadi Athi River. Wote niliwapa kanuni zilezile nilizokuwa nimeziandika kwenye daftari la jalada gumu. Fanya kazi ngumu zaidi asubuhi, kabla ya chai. Jibu ujumbe kwa saa maalumu, usikimbilie kila mlio wa simu. Weka uso wa mtu, maana watu hununua kwa mtu, hawanunui kwa duka. Tumia jina ambalo watu tayari wanalijua. Na kwenye video, taja jina la biashara yako mwanzoni kabisa, kabla mtazamaji hajapitisha kidole. Mimi ni mtu wa kanuni. Nyumbani kwangu wanasema hata kukasirika huwa nakasirika kwa ratiba, na si uongo mtupu. Mteja akiniambia "nitafikiria" zaidi ya mara mbili, huwa nafunga daftari.

Mjane alikuja asubuhi moja ya kiangazi. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, amevaa sweta ya kikundi cha akina mama wa kanisa na hereni za shanga, na mkononi alishika simu iliyofungwa kwenye leso. Simu haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe, aliyefariki miezi michache kabla ya hapo. Aliniamkua "Takwenya," nikajibu "Iko," akacheka kidogo kwa sababu Kimaa changu, yaani Kimaasai, kina lafudhi ya Ukambani. Tangu siku hiyo nilimwita Yeyo, kama watu wa Kajiado wanavyomwita mama wa mtu, naye akaniita enkerai, yaani mtoto, ingawa nywele nyeupe nilimzidi.

Shida yake ilikuwa wazi. Mumewe alikuwa amemwachia kundi la kondoo aina ya dopa, wale wa mwili mweupe na kichwa cheusi, nyumbani kwao upande wa Kajiado, kabla hujafika mjini. Madume ya kundi hilo yalikuwa na sifa. Watu walitoka hata Narok kutafuta mbegu. Mume alipozikwa, wanunuzi wakaacha kuja, kila mmoja akidhani mifugo imeshagawanywa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akiishi Ewuaso Kedong, alitaka kondoo wahamie kwake wachanganywe na wake, jambo ambalo kwa maoni ya Yeyo lilikuwa njia ndefu ya kusema watauzwa. Wazee wa ukoo walimpa muda hadi mvua ndefu. Wanunuzi wakirudi kufikia hapo, kundi lingebaki mikononi mwake. Wasiporudi, lingeenda Ewuaso. Hakulia aliponieleza. Alisema tu kwamba kuna kondoo pale aliowanyonyesha kwa chupa, na kwamba shemeji hawezi kumtofautisha mmoja na mwingine.

Nilimuuliza ana kondoo wangapi.

"Wako," akasema.

Nikauliza tena, nikidhani hajanisikia, akasema wako wa kutosha. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kwao mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Mwenyewe anawajua kwa sura, na asiyekuwepo pengo lake linaonekana. Siku hiyo niliandika kwenye daftari: mteja hajui idadi ya bidhaa zake.

Kisha tukafika kwenye jina. Nilipofungua ile simu nikakuta ujumbe wa zamani wa wanunuzi, na karibu wote waliandika "kondoo wa" kisha jina la marehemu, jina moja tu, bila la ukoo. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Kuna watu wanahangaika miaka kujenga jina, na huyu mama alikuwa ameachiwa moja lililojengwa tayari. Nikatengeneza ukurasa siku hiyo hiyo: jina la marehemu kwa herufi kubwa, na chini yake picha niliyoitoa kwenye simu, amepiga goti kando ya dume lake, anatabasamu kama mtu anayechokozwa na mpiga picha. Nikamgeuzia Yeyo kioo cha kompyuta.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hiyo jina ni refu."

Halikuwa refu. Nilimhesabia silabi kwa vidole. Akasema basi nitafute lingine, hata "Kondoo ya Kajiado" ni sawa. Nikampa hotuba yangu ya jina, ambayo nilikuwa nimeitoa mara nyingi na naijua kwa moyo: kwamba jina ni mali, kwamba Kajiado kuna kondoo wengi lakini jina hili ni moja, kwamba mtu hatupi mbachao. Alinisikiliza, mikono ikiwa mapajani. Mwishowe akasema kwamba mimi ndiye niliyesoma. Nikaandika: amekubali.

Nisichokijua wakati huo ni kitu ambacho mtu yeyote wa kwao angenieleza kwa dakika moja. Katika familia ile, mtu akishazikwa, jina lake halitajwi tena. Mke halitaji, watoto hawalitaji, wala ndugu, wala watu wa rika lake. Mchungaji wa kanisa, ambaye ni mtu wa mbali, alilisoma siku ya mazishi, na hiyo ikawa mara ya mwisho. Baada ya hapo anaitwa mwenye boma, au baba ya watoto, au yule. Ni sehemu ya kile wanachokiita enkanyit, heshima. Nilikuwa nimekaa Kitengela miaka kumi na moja, nimewatolea watu hao kopi za vitambulisho na barua za ardhi, na sikulijua hilo. Kuuliza si ujinga, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wateja wangu kila siku, nikimaanisha wao waniulize mimi. Jina lenyewe sitaliandika hapa.

Wiki iliyofuata nilienda kwake kupiga video. Nilifika mapema, kabla jua halijawa kali, nikasimamisha simu yangu kwenye vyuma vyake vya miguu mitatu mbele ya zizi. Yeyo alikuwa amevaa shuka jipya na shanga zake zote. Nikamweka kando ya dume kubwa, nikamwambia aseme hivi: karibuni, hapa ni kwa fulani, Kajiado. Fulani ndilo jina nisiloliandika, lakini siku hiyo nililisema.

Akasema, "Karibuni." Akanyamaza. Akampapasa dume shingoni.

Tukarudia. Nikalitaja jina polepole, kisha haraka, kisha nikalikata vipande vipande kama mwalimu wa darasa la kwanza. Yeye alinitazama mdomo. Wakati mmoja aliniuliza nasemaje, nikalisema tena, kwa sauti, upepo ukivuma na kondoo wakilia nyuma yetu. Nilifikiri anaogopa kamera. Nikamshauri ajifanye anaongea na rafiki yake. Nikamshauri avute pumzi. Mara ya tisa niliacha kutabasamu, na mara ya kumi na moja nikakata tamaa. Nilichukua kipande ambacho alisema "Karibuni, hapa ni kwetu," nikaamua kuweka jina kwa maandishi chini ya picha. Kisha akanikaribisha chai ya maziwa mengi, akaniongezea bila kuuliza, akanichekesha na habari za dume lililokula daftari la hesabu la mwalimu wa jirani. Alikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona. Hilo lilinikera, kwa sababu kazi yangu ilikuwa imeharibika na yeye hakuonekana kujali.

Ukurasa ulipanda mtandaoni, lakini wanunuzi hawakuja. Watu walibonyeza alama ya kupenda, wengi wao vijana wasio na kondoo. Waliopiga simu waliuliza kama hapo ni kwa fulani, na Yeyo, badala ya kusema ndiyo, aliwajibu "Unataka kondoo?" Wengine wakadhani wamekosea namba. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Ngong, na shemeji alikuwa ameshapiga simu kuuliza habari za lori la kuhamisha kondoo.

Nikaamua kutumia kanuni niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu inaokoa muda: usiwaandikie watu mmoja mmoja, tuma ujumbe mmoja kwa wote. Simu ya marehemu ilikuwa na namba za watu wake wa miaka mingi. Nikaiomba kwa siku moja. Nikaandika kwa "mimi", maana huo ulikuwa msimu wangu wa "mimi", na ushauri ulisema mwandikie mteja kama mtu mmoja anayemwandikia mwenzake. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi, ukianza kwa salamu ya Kimaa: "Supa! Nilikuwa kimya kwa muda lakini sasa nimerudi. Kondoo wangu wako tayari. Nipigie." Juu yake lilikaa jina, na kando ya jina ile picha ya kutabasamu. Niliutuma saa tatu asubuhi, saa ambayo watu huwa wameshafungua simu, nikaenda kunywa chai yangu nikiwa nimemaliza kazi ngumu kwanza.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mtu mmoja wa rika la marehemu alikuwa mnadani ameshika kamba ya fahali. Akasoma, akaiachia kamba. Mwingine alikuwa anaendesha gari kwenda Isinya, akaegesha kando ya barabara, akakaa humo hadi mkewe alipomtafuta. Mama mzazi wa marehemu hajui kusoma. Jirani ndiye aliyemsomea, kisha akamfasiria kwa Kimaa, na katika Kimaa hakuna namna ya kulainisha neno nimerudi. Yule bibi kizee aliomba lango la boma liachwe wazi. Likakaa wazi mchana kutwa, na hakuna aliyethubutu kumweleza kwa nini lifungwe.

Yeyo alinipigia. Hakupaza sauti. Aliniuliza nimeandika nini, nikamsomea. Kisha akaniambia lile jambo la jina, kwa maneno machache, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Akamalizia kwa kunijulisha kwamba shemeji ameshatoka Ewuaso, na kwamba Jumamosi ninatakiwa nyumbani kwake, mbele ya wazee.

Wanaume walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, kwenye kivuli cha ukuta wa stoo ya chakula cha mifugo. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na shemeji mwenye tamaa, na haikuwa hivyo. Alikuwa mtu mpole, macho mekundu, na alipoongea sauti ilimtetemeka. Alisema ameiona sura ya kaka yake kwenye simu ikimsalimia, na kwa kitambo kidogo, kabla akili haijarudi, alifurahi. Alisema hawezi kumsamehe mtu aliyemfanya afurahi vile. Na mwanamke aliyetoa jina la mumewe lichuuzwe kwenye simu za watu hawezi kuachiwa mifugo yake.

Nilisimama nikasema kosa ni langu peke yangu. Shemeji akanijibu kwa adabu kwamba mimi ni mtu wa kazi, na mtu wa kazi hufanya alichotumwa. Wakamgeukia Yeyo. Alikuwa ameketi chini pembeni, na hakusema kitu. Nilijua anaweza kusema alikataa, na nilijua pia kwamba hilo lisingekuwa kweli yote, maana mwishowe aliniachia. Kundi zima la kondoo lilikuwa linampotea kwa ule ukimya wake, na mimi ndiye niliyelifikisha pale.

Kisha mzee mmoja, aliyetahiriwa msimu mmoja na marehemu, aliniuliza swali moja tu.

"Huyu mama, wewe umewahi kumsikia akiitaja?"

Nikasema hapana. Akauliza nina ushahidi gani. Ndipo nikakumbuka vile vipande vya video. Kwa kanuni yangu vilipaswa kuwa vimefutwa, kwa sababu kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi huwa nasafisha simu, lakini ya mwezi ule ilinikuta na homa. Nikampa simu.

Walivitazama vyote. Upepo, kondoo, na sauti yangu: "Sema jina, Yeyo. Taja jina la biashara. Sema hivi." Halafu jina. Kila lilipotoka kwenye simu wanaume walitazama chini, na Yeyo kwenye picha anampapasa dume, amefunga mdomo. Kufikia cha tano niliomba tuache. Mzee akatikisa kichwa, akataka kuona hadi mwisho. Nimeaibika mara chache maishani, na nyingi nimezisahau. Ile ya kukaa mbele ya watu nikisikiliza sauti yangu mwenyewe ikimsumbua mjane, mara kumi na moja, ikizidi kukosa subira, sijaisahau. Sikujua kwamba naongea hivyo.

Kilipoisha cha mwisho mzee alinirudishia simu. "Amesukumwa hivyo yote na hajaanguka," akasema. "Nani hapa angeweza?"

Shemeji alifuta uso kwa shuka lake. Baada ya mazungumzo marefu ya Kimaa, nikaelezwa kwamba kondoo watabaki, kwamba laini ya simu ya marehemu ifungwe, na ukurasa uondolewe mbele yao. Niliuondoa. Na kwa kuwa watu wengi wa rika lile walikuwa wamefika siku hiyo, wengine kutoka mbali, wakiwa wameletwa na ujumbe wangu bila kupenda, walipita zizini kabla ya chakula. Waliliona kundi limenona, wakamuuliza Yeyo habari za madume, na watatu wakaahidiana naye siku ya kuja kuchukua. Kwa kipimo cha daftari langu ule ulikuwa ujumbe uliofanikiwa kuliko wote niliowahi kutuma. Sikuandika hivyo.

Kondoo alichinjwa, tukala. Yeyo alinisindikiza barabarani. Tulipokuwa tumevuka kijito kikavu nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nikayasema yote, na mwisho nikamuuliza kitu ambacho kilinikera tangu siku ya video: kwa nini hakunikataza waziwazi, na mimi nikiwa pale nalitamka na kulirudia kama kichaa.

"Siku ya kwanza nilijaribu kukuambia," akasema. "Hiyo ya video sikujaribu. Nilijua nikikuambia utaacha."

Sikuelewa. Akasimama.

"Hapa kwetu hakuna mtu anaweza kuitaja, enkerai. Watoto hawawezi. Mama yake hawezi. Mimi nikiwa peke yangu huko malishoni siwezi. Halafu wewe unakuja unaisema tu, tena na tena, hata unaisema vizuri. Nilikuwa nanyamaza ndio uiseme tena."

Yeye alikuwa anatazama upande wa zizi, amejifunga shuka vizuri mabegani, na alipoongea tena aliongea chini sana.

"Sema mara moja tu, halafu uende."

Nilitazama nyuma. Wanaume walikuwa mbali, wananawa mikono.

Nikalitaja.